Hulka ya Mgombea Urais: Tunapima Nini Hasa?

Kipaza sauti kilikatika mara ya tatu. Mgombea aliyekuwa jukwaani, wa ubunge, katika jimbo ambalo sitalitaja, alikishusha mkononi akageuka nyuma, alikokuwa kijana wa mitambo amepiga magoti kwenye nyaya akitafuta uliolegea. "Wamekupa shilingi ngapi, wewe?" Sauti ilikuwa imesharudi bila yeye kujua, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia. Watu wakacheka na kupiga makofi. Kijana hakujibu kitu. Aliupata ule waya, akaushika kwa mikono miwili, akabaki ameushika vile vile zaidi ya saa nzima mpaka mkutano ulipofungwa, kwa sababu akiuachia tu sauti inakata.

Jioni nilipopita kijiweni kwenye kahawa nilikuta hukumu imeshatoka. "Yule mkali. Ndiye anayetufaa." Walizungumza ahadi ya maji, wakazungumza ahadi ya barabara. Kijana wa mitambo hakutajwa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfikiria, na nimeendelea kumfikiria kila uchaguzi mkuu unapokaribia na watu wanapoanza kuulizana fulani ni mtu wa namna gani. Naamini tunaliuliza swali hilo kwa nia njema, ila tunalitafutia jibu mahali pasipo na jibu.

Sehemu ya tatizo ni maneno. Lugha yetu inayo ya kutosha, lakini wakati wa kampeni tunayatupa yote kwenye kapu moja. Haiba ni ule mvuto wa mtu, anavyoingia mahali na macho yote yakamfuata. Hulka ni alivyoumbwa ndani: hasira yake iko karibu au mbali, hofu inamfanyaje, anaweza kukaa na jambo lisilo na jibu kwa siku tatu bila kulipuka. Tabia ni yale aliyoyazoea mpaka yakawa yeye. Uadilifu ni kama mkono wake unagusa kisicho chake, na kama neno lake la asubuhi bado ni neno jioni. Halafu kuna kifua, neno ambalo sijui kama kuna lugha nyingine inalo kwa uzito wetu: uwezo wa kubeba siri, tusi na habari mbaya bila kuvitapika mbele za watu.

Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine. Yuko mwadilifu asiyekula senti ya umma ambaye akipingwa kikaoni halali mpaka aliyempinga amehamishwa. Yuko mpole, anayeinamia wazee kwa shikamoo ya kweli, na chini ya meza yake mikataba inatiwa saini usiku. Haiba ndiyo tunayoiona kwa urahisi, kwa sababu ndiyo inayoletwa uwanjani. Hayo mengine hayapandi jukwaani, au yakipanda huwa yamevalishwa.

Kwa diwani au mbunge kosa hili lina gharama yake, lakini ni gharama inayobebeka. Kwa rais hesabu inabadilika, na ukitaka kuona inavyobadilika ifungue Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 usome Ibara ya 37. Inasema kwamba katika kutekeleza kazi zake Rais atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri atakaopewa na mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Isome mara mbili. Mawaziri, majenerali, madaktari na wachumi wote wanaweza kukaa mezani wakasema jambo moja, na mtu mmoja akaamua kinyume, na sheria ikawa upande wake. Mtu huyo huyo anateua mawaziri, majaji na wakuu wa mikoa, anaamuru majeshi, anaweza kumsamehe mfungwa. Palipo na mipaka mingi, hulka ya kiongozi inazuiwa na taratibu. Panapoachwa wazi namna hii, hulka yake ndiyo inayokuwa utaratibu.

Na Katiba hiyo hiyo inamdai nini anayeomba kazi hii? Ibara ya 39 inataka awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe mwanachama wa chama cha siasa na amependekezwa nacho, awe na sifa za kuwa mbunge, na asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi katika miaka 5 kabla ya uchaguzi. Hilo la kodi ndilo pekee katika orodha hiyo linalogusa mwenendo wake waziwazi. Siwalaumu walioandika. Hakuna kifungu cha sheria kinachoweza kupima kifua. Maana yake ni kwamba kazi hiyo wameachiwa chama kinachomteua na mwananchi anayepiga kura.

Kenya wao walijaribu kwenda mbele zaidi. Katiba yao ya 2010 ina Sura ya Sita, inayohusu uongozi na maadili, na inasema kwa lugha nzito kwamba mamlaka ya ofisa wa serikali ni amana. Jaribio kubwa lilikuja mapema. Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, na walikuwa wagombea. Wanaharakati wakaenda Mahakama Kuu Nairobi kuuliza kama watu hao wanakidhi matakwa ya Sura ya Sita. Februari 15, 2013, wiki chache kabla ya kura ya Machi 4, jopo la majaji 5 likaikataa kesi, likieleza kwamba mambo yanayohusu uchaguzi wa rais hayako katika mamlaka yake. Kesi za The Hague zenyewe baadaye zilivunjika bila kumtia mtu hatiani, na mshtakiwa anayo haki ya kuhesabiwa hana hatia. Ninachokiona pale ni kwamba hata taifa lililoandika uadilifu ndani ya katiba lilirudishiwa swali lake mkononi, lilijibu lenyewe kwenye sanduku la kura.

Kwa hiyo mwananchi apime wapi?

Nitatoa mfano ambao naupenda kuliko mingine yote katika historia yetu. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa katika operesheni ya kusaka wauaji waliteswa na vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa wakiwa kizuizini. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumgusa mtu. Hakuna aliyesema alitoa amri. Januari 1977 akajiuzulu, kwa sababu waliofanya walikuwa chini ya wizara yake. Akapelekwa Misri kuwa balozi. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano.

Angalia kilichomo katika tukio hilo. Hapakuwa na uwanja wala makofi. Alipewa habari mbaya kuhusu watu wa chini yake, akawa na njia nyingi za kujinusuru: kumfukuza kamanda mmoja, kuunda tume, kusubiri upepo upite. Alichagua iliyomgharimu yeye. Ukitaka kujua mtu atafanyaje Ikulu siku mambo yatakapoharibika, tukio la namna hiyo linakwambia mengi kuliko hotuba 100. Halikwambii yote, kwa kuwa urais wake ulikuja na matatizo yake, na wengi wanakumbuka jinsi nidhamu ya serikali ilivyolegea miaka ile ya ruksa, mambo mengi yaliporuhusiwa. Kifua anacho mtu, na bado akashindwa kubana. Lakini aliyemtazama mwaka 1977 alikuwa na kitu cha kushika.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili kwa upande mwingine Mei Mosi ya 1995, Mbeya, mwaka ambao vyama vingi vilikuwa vinaingia katika uchaguzi wa kwanza wa rais. Aliwaambia wananchi wamwogope mtu anayetumia fedha kuikimbilia Ikulu, na akauliza maswali ambayo hadi leo yanarudiwa vijiweni: hizo fedha amezipata wapi, na kama amekopa, atazirudishaje? Ikulu kuna biashara gani? Yale hayakuwa maswali ya sera. Yalihusu sababu inayomsukuma mtu kuutaka urais, na naona ni maswali mazuri mno kwa sababu yanaweza kujibiwa kwa kuangalia. Mabango yanahesabika. Magari yanahesabika. Mishahara ya miaka 20 ya utumishi inajulikana. Miezi michache baadaye mkutano mkuu wa CCM Dodoma ulimpitisha Benjamin Mkapa mbele ya Jakaya Kikwete kwa kura 686 dhidi ya 639 katika duru ya pili, baada ya Cleopa Msuya kutolewa. Kikwete alisubiri miaka 10. Namna alivyosubiri, bila kukihama chama wala kukipasua, nayo ilikuwa habari kwa yeyote aliyetaka kujua hulka yake: mtu akishindwa jambo alilolitaka sana anafanya nini kesho yake asubuhi?

Sasa niende kwenye ukali, maana hapo ndipo tunapojichanganya zaidi.

Mwaka 2015 nchi ilikuwa imechoka. Watu walitaka mtu wa kuwachapa wazembe, na John Magufuli alikuwa na rekodi. Akiwa Waziri wa Ujenzi alikuwa akitaja urefu wa barabara kwa kilomita bila kutazama karatasi. Kwenye kampeni alipiga pushapu jukwaani watu wakashangilia. Alipoapishwa, siku iliyofuata alitoka Ikulu kwa miguu hadi Wizara ya Fedha akakuta viti vitupu. Siku chache baadaye akaingia Muhimbili bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala sakafuni, akabadilisha uongozi wa hospitali. Mama aliyekuwa amelala chini pale hakuhitaji mtu amweleze thamani ya rais asiyevumilia.

Hulka ile ile ndiyo ilikuwepo mezani mwaka 2020 corona ilipofika. Mapema Mei alitilia shaka hadharani vipimo vya Maabara Kuu ya Taifa, akieleza kwamba sampuli za mbuzi na papai zilitoa majibu ya kuwa na virusi, na mkurugenzi wa maabara akasimamishwa. Takwimu za maambukizi zikaacha kutolewa kwa zaidi ya mwaka. Juni akatangaza kwamba nchi imeshaishinda corona. Wapo wanaoona alikuwa na hoja kuhusu vipimo, na wapo wanaoona nchi iliachwa gizani. Mimi nachukua moja tu: kuanzia hapo, mtaalamu yeyote wa serikali mwenye habari mbaya alikuwa na sababu ya kujiuliza kama aifikishe au ainyamazie. Rais asiyeletewa habari mbaya anaamua kwa habari nzuri peke yake.

Kwa hiyo tulipokuwa tunasema mwaka 2015 kwamba "ni mkali", tulikuwa tunasema ukweli nusu. Swali lililobaki lilikuwa ukali huo unaelekea wapi. Kwa mzembe? Kwa mwizi? Au pia kwa anayesema, "Mheshimiwa, hapa nadhani tumekosea"? Hilo la tatu huwezi kulijua uwanjani. Unalijua kwa kuwauliza makatibu wakuu na wahandisi waliofanya naye kazi miaka 15.

Upole nao tunaupima kwa kasoro hiyo hiyo. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa Machi 19, 2021, wengine walihoji kama mwanamke ataiweza nchi, naye akawajibu katika siku zile za msiba wa Magufuli kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais, mwenye maumbile ya mwanamke. Wengine wakaipokea sauti yake tulivu kama dhamana kwamba vifua vitapumua. Na kweli Januari 2023 aliondoa zuio la mikutano ya hadhara ya vyama. Kisha Aprili 2025 Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani, akakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa, maandamano yakazuka, damu ikamwagika, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Nayaandika haya kwa uchungu. Waliomwogopa kwa sababu ya jinsia yake na waliomtegemea kwa sababu ya sauti yake walikuwa wakisoma kitu kimoja kisicho na jibu. Sauti ni ya koo. Uamuzi unatoka kwingine, na unatoka pia katika mfumo unaomzunguka rais, ambao unampa nguvu ile ya Ibara ya 37 na haumrudishii neno.

Hapa niongeze jambo la haki. Mwanamume akifoka kikaoni tunasema ana msimamo. Mwanamke akifoka vile vile tunasema ana jazba. Anayepima hulka kwa mizani miwili hajapima kitu.

Kuna pia mtego wa kujifanya madaktari. Kila msimu wa uchaguzi utasikia mgombea fulani "ana kichaa" au "hayuko sawa kichwani", na mtu anayesema hajawahi kukaa naye hata dakika 5. Wamarekani walishaungua kwa moto huu. Mwaka 1964 jarida moja liliwaandikia madaktari wa akili zaidi ya 12,000 likiwauliza kama Barry Goldwater, mgombea wa Republican, anafaa kiakili kuwa rais. Waliojibu walikuwa 2,417, na 1,189 kati yao wakasema hafai, wakati hawakuwa wamempima. Goldwater alishindwa uchaguzi, akalishtaki jarida na kushinda kesi. Mwaka 1973 chama cha madaktari hao kikaweka kanuni kwamba ni kosa la kitaaluma kutoa maoni juu ya akili ya mtu wa umma ambaye hujamchunguza wala hujapata idhini yake. Kama mwenye shahada kazuiwa, sisi tuna ruhusa gani?

Hata macho yetu wenyewe hayatoshi. Februari 1972, katika mji wa Manchester, New Hampshire, Seneta Edmund Muskie, aliyekuwa akitajwa mbele katika wanaowania tiketi ya Democratic, alisimama nje theluji ikidondoka akimtetea mkewe aliyekuwa ameandikwa vibaya na gazeti. Waandishi wakaripoti kwamba alilia. Yeye alisema ilikuwa theluji iliyoyeyuka usoni. Ndoto yake ya urais haikupona. Na hata kama alilia, nashindwa kuona ubaya wa mume kutokwa na chozi kwa ajili ya mkewe.

Midahalo inasaidia kidogo. Haisaidii kwa kuonyesha nani anajibu haraka, kwani urais ni kazi ya mtu anayeweza kusema "nipeni mpaka kesho". Inasaidia kwa kuonyesha mtu anavyopokea swali asilolipenda. Ndiyo maana naliona pengo wagombea wanapoukwepa. Kenya, Julai 2017, Raila Odinga alijibu maswali peke yake kwa kuwa Uhuru Kenyatta hakufika. Miaka 5 baadaye ilikuwa zamu ya Ruto kusimama peke yake, na aliyekosekana alikuwa Raila. Aliyekosekana naye alikuwa amejibu swali.

Hasira yenyewe si dhambi kwa kiongozi. Aprili 10, 1993, Chris Hani, mpigania uhuru maarufu wa Afrika Kusini, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Dawn Park, Boksburg. Muuaji alikuwa mhamiaji mweupe kutoka Poland. Nchi ilikuwa imejaa silaha na vijana wenye uchungu halali, na tarehe ya uchaguzi ilikuwa haijapangwa. Rais alikuwa F. W. de Klerk, lakini mtu aliyehitajika kwenye televisheni alikuwa Nelson Mandela. Alihutubia taifa. Hakuificha hasira. Alisema wazi kwamba mtu mweupe, aliyejaa chuki, ndiye aliyefanya tendo lile. Kisha akaeleza kwamba mwanamke mweupe, wa jamii ya Makaburu, ndiye aliyejihatarisha kutoa taarifa iliyomfanya muuaji akamatwe, jirani aliyeshika namba ya gari na kupiga simu polisi. Hasira ilikuwa ile ile, ila alishaamua imfanyie kazi gani. Mwaka mmoja baadaye watu walipanga foleni kupiga kura.

Sikumbuki mtu kuniuliza, mwaka wowote wa uchaguzi, kama namjua aliyewahi kufanya kazi chini ya mgombea fulani. Siku moja nilikaa na dereva mstaafu wa serikali, mzee aliyewaendesha wakubwa kwa zaidi ya miaka 20, mmoja wao akiwa amewahi kuchukua fomu ya kuomba uteuzi wa urais. Nikamwambia, "Mzee wangu, wewe ulimjuaje bosi mzuri?" Akasema alikuwa anasikiliza wakitoka kwenye kikao walichobishiwa. Wapo walioingia kwenye gari na kupiga simu ya kwanza kumshughulikia aliyewabishia. Wapo walionyamaza mpaka Chalinze, halafu wakasema, "Yule bwana mdogo alikuwa sahihi, ujue." Nikamuuliza kama alipochukua fomu yule bosi wake, chama kilituma mtu kuzungumza naye, au mwandishi wa habari alimtafuta, au hata jirani alimuuliza.

"Hapana," akasema. "Wote walikwenda kumuuliza yeye."